Charles Rubia: Meya wa kwanza Mwafrika wa Nairobi aliyenyimwa uwanja katika jiji lake

ALIPOAGA dunia mnamo Desemba 23, 2019 akiwa na umri wa miaka 96, Charles Wanyoike Rubia aliacha kumbukumbu mbili ambazo si rahisi kukutana katika maisha ya mtu mmoja. Ya kwanza ni ya meya aliyevaa mkufu wa dhahabu na joho la heshima, Mwafrika wa kwanza kuliongoza jiji la Nairobi. Ya pili ni ya mfungwa wa kisiasa aliyezuiliwa bila kufikishwa mahakamani kwa sababu ya kudai mfumo wa vyama vingi.

Kati ya matukio hayo mawili kulikuwa na miaka 28. Mwaka wa 1962 madiwani walimkabidhi Rubia uongozi wa jiji. Mwaka wa 1990 aliomba ruhusa ya kuwahutubia wananchi katika uwanja wa Kamukunji, uliomo ndani ya jiji lilo hilo, naye akanyimwa. Safari yake kutoka City Hall hadi kizuizini ni historia ya Nairobi yenyewe, na pia ni historia ya swali ambalo Wakenya wamekuwa wakijiuliza tangu uhuru: cheo kina thamani gani iwapo sauti ya mpigakura haihesabiwi?

Jiji lililogawanywa kwa rangi

Rubia alizaliwa mwaka wa 1923 katika eneo la Murang'a, wilaya iliyoitwa Fort Hall wakati wa ukoloni. Alikuwa miongoni mwa vijana wachache wa Kiafrika waliopata nafasi katika Shule ya Upili ya Alliance iliyoko Kikuyu, shule iliyofunguliwa mwaka wa 1926 na ambayo baadaye ilitoa mawaziri, majaji na makatibu wakuu wengi wa Kenya huru. Elimu hiyo ndiyo iliyomfungulia mlango wa maisha ya jijini.

Nairobi aliyoikuta kijana huyo haikuwa jiji la Mwafrika. Ilianza mwaka wa 1899 kama kituo cha reli kutoka Mombasa kwenda Ziwa Victoria, ikakua haraka hadi ikapewa hadhi ya jiji na mfalme wa Uingereza mwaka wa 1950. Ukuaji huo ulifuata mpango wa ubaguzi. Wazungu waliishi katika maeneo ya juu yenye miti na hewa safi kama vile Muthaiga na Kilimani. Wahindi walipatikana kwa wingi Parklands, Ngara na Pangani. Waafrika walitengewa upande wa mashariki, katika mitaa kama Pumwani, Shauri Moyo, Kaloleni, Makongeni na Ziwani.

Hata huko, Mwafrika alichukuliwa kuwa mgeni. Alihitajika mjini kwa ajili ya kazi yake tu, na alitarajiwa kurudi kijijini kazi hiyo ikiisha. Nyumba nyingi zilijengwa kama mabweni ya wanaume wasio na familia. Mwanamume alitembea na kipande, na askari angeweza kumsimamisha wakati wowote kudai akione. Baada ya vita vya Mau Mau kuanza, hali ilizidi kuwa mbaya. Mnamo Aprili 1954, katika msako uliopewa jina la Operation Anvil, maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru walikusanywa mitaani Nairobi na kupelekwa katika kambi za kizuizini au kurudishwa mashambani.

Ni katika jiji hilo ambapo Rubia aliingia katika shughuli za serikali ya mtaa, katika miaka ya mwisho ya ukoloni. Wawakilishi wa Kiafrika katika baraza walikuwa wachache, na sauti yao ilifunikwa na wingi wa madiwani wa Kizungu. Hata hivyo, waliosalia ndani walijifunza jambo ambalo wanasiasa wa majukwaani hawakulifahamu vyema: bajeti ya jiji huandaliwa vipi, ushuru hukusanywa kwa nani, na ni nani huamua mfereji wa maji upite wapi.

Mkufu wa umeya

Mwaka wa 1962, Kenya ikiwa bado koloni lakini ikielekea uhuru, Rubia alichaguliwa kuwa meya. Alikuwa na umri wa miaka 39 hivi. Tangu Nairobi ipate meya wake wa kwanza, kiti hicho kilikuwa hakijawahi kukaliwa na Mwafrika.

Ni vyema kueleza cheo hicho kilikuwa cha namna gani. Meya wa Nairobi hakuchaguliwa na wananchi moja kwa moja. Wapigakura walichagua madiwani katika wadi zao, nao madiwani ndio waliomchagua meya kutoka miongoni mwao. Meya aliongoza vikao vya baraza, alipokea wageni wa heshima na alikuwa sura ya jiji mbele ya ulimwengu. Utekelezaji wa kazi za kila siku ulikuwa mikononi mwa karani wa jiji na wakuu wa idara. Aidha, maamuzi makubwa ya fedha yalihitaji idhini ya wizara ya serikali za mitaa. Kwa hivyo, uwezo wa meya ulitegemea sana ustadi wake wa kuwashawishi madiwani, watumishi wa jiji na mawaziri kwa wakati mmoja.

Pamoja na mipaka hiyo, baraza alilorithi Rubia lilikuwa chombo kikubwa. Lilisimamia shule za msingi, zahanati, Hospitali ya Uzazi ya Pumwani, masoko, zimamoto, maji, barabara na nyumba za kupangisha. Mtoto wa Nairobi angeweza kuzaliwa, kusomeshwa, kutibiwa na hatimaye kuzikwa chini ya uangalizi wa baraza hilo hilo.

Usiku wa kuamkia Desemba 12, 1963, bendera ya Uingereza iliposhushwa na ile ya Kenya kupandishwa, Rubia ndiye aliyekuwa meya wa jiji lililowapokea wageni wa sherehe hizo kutoka kila pembe ya dunia. Majina ya barabara yalianza kubadilika. Sanamu ya Lord Delamere iliondolewa katikati ya jiji, na barabara iliyobeba jina la mlowezi huyo ikaitwa Kenyatta Avenue. Princess Elizabeth Way ikawa Uhuru Highway.

Nyumba, mabasi na mabanda

Kubadilisha jina la barabara kulikuwa kazi nyepesi. Kazi nzito ilikuwa kuwapatia watu mahali pa kulala. Uhuru uliondoa vikwazo vya kuingia mjini, na maelfu ya watu walifunga safari kwenda Nairobi kutafuta ajira. Wakati uo huo mipaka ya jiji ilipanuliwa, kutoka eneo lililokuwa chini ya kilomita 100 za mraba hadi karibu kilomita 700 za mraba, hivyo kuvimeza vijiji na mashamba yaliyokuwa nje yake. Kulingana na sensa, idadi ya wakazi ilipanda kutoka zaidi ya robo milioni mwaka wa 1962 hadi 509,286 mwaka wa 1969.

Baraza lilijibu kwa kujenga. Mtaa wa Uhuru, upande wa mashariki, ulikuwa miongoni mwa miradi ya miaka hiyo, na jina lake lilieleza matumaini ya wakati huo. Kariobangi nako kulijaribiwa mbinu nyingine: baraza lilitoa viwanja vyenye huduma za msingi, na familia za kipato cha chini zikaachiwa kazi ya kujijengea. Mbinu hiyo ilitumiwa kwa upana zaidi huko Dandora katika miaka ya 1970.

Katika usafiri, baraza liliingia katika mkataba na kampuni ya mabasi ya Kenya Bus Services mwaka wa 1966. Kampuni ilipewa haki ya pekee ya kuwabeba abiria jijini, na baraza likapata asilimia 25 ya hisa zake. Kwa mara ya kwanza, mkazi wa Nairobi aliyepanda basi alikuwa, kupitia baraza lake, mmiliki wa sehemu ya basi hilo.

Lakini hesabu ilikataa kukubali. Nyumba zilizojengwa zilikuwa chache mno zikilinganishwa na wahamiaji, na kodi ya nyingi kati yake iliwashinda vibarua. Vibanda viliongezeka Mathare na kwingineko. Kama mabaraza yaliyotangulia na yaliyofuata, baraza la enzi ya uhuru halikuacha mtindo wa kubomoa vibanda kwa hoja ya usafi na mpangilio wa jiji, na waliobomolewa walivijenga tena hatua chache kutoka pale. Mitaa ya juu iliyokuwa ya Wazungu ilifunguliwa kwa Waafrika, ila kwa wale tu waliokuwa na pesa. Ukuta wa rangi uliporomoka, ukuta wa mali ukabaki umesimama.

Hilo ndilo funzo la kwanza la maisha ya Rubia. Kumweka Mwafrika katika kiti cha meya kulikuwa ushindi mkubwa, na hakuna aliyeishi chini ya kipande angeweza kuudharau. Hata hivyo, jiji lililochorwa ili kuwatenga watu halikugeuka kwa kubadilisha aliyeketi mbele. Rubia aliuacha umeya mwaka wa 1967, na nafasi yake ikachukuliwa na Isaac Lugonzo. Margaret Kenyatta alifuata mwaka wa 1970, mwanamke wa kwanza Mwafrika kuwa meya wa Nairobi.

Ndani ya Bunge

Katika uchaguzi mkuu wa mwaka wa 1969, Rubia alichaguliwa kuwa mbunge wa Starehe, eneo linalojumuisha katikati ya jiji na mitaa jirani. Alilishikilia kwa karibu miaka 20. Katika kipindi hicho alishika nyadhifa serikalini, zikiwemo za uwaziri msaidizi na uwaziri kamili. Alikuwa pia mfanyabiashara aliyefaulu, mmoja wa tabaka jipya la Waafrika wenye mali lililochipuka baada ya uhuru. Hakuwa mtu wa pembezoni. Alikuwa ndani ya nyumba.

Nyumba hiyo ilikuwa ikifunga madirisha yake moja baada ya jingine. Mwaka wa 1966, Rubia akiwa bado meya, Kenya ilijipatia upya sheria ya kuwazuilia watu bila kuwafikisha mahakamani. Mwaka wa 1969 chama cha upinzani cha KPU kilipigwa marufuku. Mnamo Juni 1982 Bunge liliongeza katika Katiba kifungu cha 2A, kilichoifanya Kanu kuwa chama cha pekee nchini. Mswada huo ulipita kwa haraka na bila upinzani, katika Bunge ambalo Rubia alikuwa mwanachama wake.

Wakosoaji wake wana haki ya kulikumbusha jambo hilo. Mtu hawezi kudai kwamba hakuwepo hali alikuwa kitini. Lakini haki inataka pia yaliyofuata yaelezwe.

Mwaka wa 1983 baraza la jiji la Nairobi lilivunjwa, na tume iliyoteuliwa na serikali ikakabidhiwa usimamizi. Wakazi wa jiji kuu walikaa karibu miaka kumi bila diwani wala meya waliyemchagua. Kiti alichokikalia Rubia mwaka wa 1962 kama ishara ya kujitawala kilifutwa kwa muda na serikali ya Waafrika wenyewe.

Mwishoni mwa mwaka wa 1986 serikali iliwasilisha mswada wa kuondoa ulinzi wa kikatiba wa kazi ya Mwanasheria Mkuu na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu. Maana yake ilikuwa kwamba Rais angeweza kuwaachisha kazi bila kufuata utaratibu uliowekwa ili kuwakinga. Chama cha Mawakili na viongozi wa makanisa walipinga. Ndani ya Bunge, ambako kupinga kulionekana kuwa ukaidi dhidi ya Rais Daniel arap Moi, Rubia alikuwa miongoni mwa wachache mno waliosimama kuhoji. Mswada ulipita. Miaka miwili baadaye, majaji nao waliondolewa ulinzi kama huo.

Mlolongo wa 1988

Adhabu ya mwanasiasa mkaidi ilikuja kwa njia ya foleni. Kanu ilikuwa imeamua kwamba katika mchujo wa wagombeaji wake wapigakura wasitumie kura ya siri, bali wajipange nyuma ya mgombeaji wanayemtaka au wakala wake. Mfumo huo uliitwa mlolongo. Mgombeaji aliyepata zaidi ya asilimia 70 ya kura za mchujo alihesabiwa kuwa ameshinda moja kwa moja.

Ubaya wa mlolongo ulikuwa wa aina mbili. Kwanza, mwalimu, mtumishi wa serikali au mfanyabiashara aliyehitaji leseni alilazimika kuonyesha hadharani amesimama na nani. Pili, watu wakishatawanyika, hakukuwa na karatasi ya kuhesabu upya. Aliyetangaza matokeo ndiye aliyekuwa na neno la mwisho. Mwaka wa 1988 malalamiko yalitoka kila pembe ya nchi kwamba foleni fupi zilitangazwa kuwa ndefu.

Rubia alipoteza kiti cha Starehe katika uchaguzi huo. Kenneth Matiba, mwenzake kutoka Murang'a na mwanafunzi mwingine wa zamani wa Alliance, alihifadhi kiti chake na uwaziri, lakini mnamo Desemba 1988 alijiuzulu akilalamikia udanganyifu katika uchaguzi wa chama. Wanaume wawili waliokuwa wameketi meza moja na serikali walijikuta nje.

Saba Saba

Mwaka wa 1990 ulianza kwa joto. Kasisi Timothy Njoya alitumia mahubiri ya mwaka mpya kuashiria kwamba mageuzi yaliyoiangusha tawala za chama kimoja Ulaya Mashariki yangefika Afrika. Mnamo Februari, Waziri wa Mambo ya Nje Robert Ouko aliuawa, na hasira ikatanda nchini.

Mei 3, 1990, Matiba na Rubia waliwaita wanahabari jijini Nairobi. Walitaka kifungu cha 2A kiondolewe na Wakenya waruhusiwe kuunda vyama. Leo maneno hayo ni ya kawaida. Wakati huo yalikuwa kama kuingiza mkono katika mzinga wa nyuki. Kanu iliwashambulia vikali katika mikutano na vyombo vya habari.

Wawili hao waliomba kibali cha kuandaa mkutano wa hadhara Kamukunji, Jumamosi ya Julai 7, siku ya saba ya mwezi wa saba. Kibali kilikataliwa. Uwanja huo uko mkabala na mitaa ya kale ya Waafrika, ile ile ambayo mkoloni aliitenga kwa vibarua wake. Mtu aliyewahi kuwa meya, waziri na mbunge wa eneo jirani hakuruhusiwa kusimama hapo na kusema.

Julai 4, siku tatu kabla ya tarehe hiyo, Matiba na Rubia walikamatwa. Raila Odinga na baadhi ya mawakili waliotetea mageuzi walikamatwa pia katika siku hizo. Serikali ilidhani kwamba mkutano ungekufa. Badala yake, umati ulielekea Kamukunji Julai 7 bila viongozi. Polisi walitumia vitoza machozi, rungu na risasi. Ghasia zilienea hadi miji mingine na kuendelea kwa siku kadhaa. Watu waliuawa, na mamia wakakamatwa. Siku hiyo imebaki katika historia kwa jina la Saba Saba.

Rubia alizuiliwa bila mashtaka, chini ya sheria ya 1966, ile iliyoletwa alipokuwa bado akivaa mkufu wa umeya. Alikuwa na umri wa miaka 67. Afya yake ilidhoofika kizuizini. Matiba naye alipatwa na kiharusi akiwa mfungwa, na hakupona kabisa hadi kifo chake Aprili 2018. Rubia aliachiliwa mwaka wa 1991.

Matunda na masazo

Kilichofuata kilienda kasi. Agosti 1991 kundi la Ford liliundwa. Novemba mwaka huo wafadhili waliokutana Paris walisimamisha misaada mipya kwa Kenya. Mnamo Desemba Rais Moi alikubali, na Bunge likakifuta kifungu cha 2A. Uchaguzi wa vyama vingi ulifanyika Desemba 29, 1992. Upinzani uligawanyika vipande, Moi akashinda kwa takriban asilimia 36 ya kura, na Rubia hakurejea tena Bungeni. Kama mkulima aliyefyeka msitu, aliwaona wengine wakivuna shambani.

Hata hivyo, mavuno yalikuwepo. Mwaka wa 1992 Nairobi ilipata tena baraza lililochaguliwa. Mlolongo uliachwa na kura ya siri ikarejea. Majaji, Mwanasheria Mkuu na Mkaguzi Mkuu walikuwa wamerudishiwa ulinzi wa kazi zao mwaka wa 1990. Katiba ya mwaka wa 2010 ilienda mbali zaidi: cheo cha meya kiliondolewa, na tangu uchaguzi wa Machi 2013 Nairobi imekuwa kaunti inayoongozwa na gavana anayechaguliwa na wakazi wenyewe, si na madiwani katika ukumbi wa City Hall.

Matatizo aliyoyakuta Rubia mwaka wa 1962 hayajaisha. Maji hayafiki kila nyumba, mitaa ya mabanda imepanuka, na kila gavana huingia afisini na ahadi za nyumba na usafiri. Tofauti ni kwamba leo mkazi aliyeudhika anaweza kumng'oa kiongozi wa jiji kwa kura yake, na anaweza kufika Kamukunji kusema kwa nini.

Rubia alifariki wiki sita kabla ya Moi, aliyeaga dunia Februari 4, 2020. Mwenye amri ya kumfunga na aliyefungwa walimaliza safari karibu pamoja. Aliyewahi kuwa meya alikuwa amekula matunda ya mfumo, akanyamaza ulipokuwa ukikaza kamba, kisha akasema wakati ambapo kusema kulikuwa na gharama. Angeweza kuzeeka kwa amani na mali yake. Alichagua kwenda kuomba uwanja.